Sabuni haitengenezi feni belti inayolia

Gari likilia "wiii" asubuhi, wengi hukimbilia kipande cha sabuni, mshumaa au tone la oili. Kelele hunyamaza, na imani kwamba sabuni ni dawa inazidi kuota mizizi.

Ukweli ni kwamba mkanda huo (feni belti) hulia kwa sababu unateleza kwenye puli, yaani magurudumu unayopitia, au umekaa upande. Oili huulainisha mpira na kuuongezea kuteleza. Sabuni huficha tu sauti hadi ikauke. Dawa za kupuliza nazo ni hivyo hivyo, ila bei yake kubwa zaidi.

Kuna kipimo cha bure. Injini ikiwa inaunguruma, mikono na nguo mbali, nyunyizia maji kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Kelele ikiongezeka papo hapo, mkanda umelegea: kagua tenshona, kifaa kinachoukaza. Ikikoma kisha ikarudi, huenda puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Isipobadilika kabisa, shuku beringi ya alteneta (mtambo unaochaji betri) au ya puli nyingine.

Na usidanganywe na mkanda usio na nyufa. Mikanda ya kisasa huisha kwa kulika mifereji, kama tairi, huku ukiutazama unaonekana mzima. Kama mkanda umelowa oili au maji ya rejeta, ziba uvujaji kwanza, ndipo ufunge mpya.