Je, wajua rafadha ndogo ya mkiani mwa helikopta, yale mapanga madogo yanayozunguka, hufanya kazi gani?

Kwa miaka mingi helikopta nyeupe za Umoja wa Mataifa, zikiwemo Mi-8 za Kirusi, zimepita juu ya mabati ya Goma, na kila anayezitazama ana maelezo yake kuhusu ile rafadha ndogo ya mkiani. Wengi husema inasukuma helikopta mbele. Haiwezi: imetazama ubavuni. Helikopta huenda mbele kwa kuinamisha rafadha kubwa ya juu. Wanaojiona wajuzi zaidi husema ni usukani, na hapo pana nusu ya ukweli, ndiyo maana dhana hiyo haing'oki. Kweli rubani hugeuzia pua huko. Ila hata asipotaka kugeuka popote, rafadha hiyo iko kazini.

Mtazame fundi anapotoboa ubao wa mkaratusi kwa keekee ya umeme. Ncha ikinasa, mwili wa keekee hukimbilia upande wa pili na kumsokota kiganja. Kwa helikopta, ubao ni hewa, ncha ni rafadha kubwa, na mwili wa keekee ni helikopta yenyewe. Keekee kubwa hufungwa mpini wa pembeni, kwani mpini ukirefuka maradufu, nguvu ya kuuzuia hupungua nusu. Mkia ndio mpini huo. Rafadha ndogo ndiyo mkono ulioushika. Na fundi akikandamiza zaidi, mkono nao hauna budi kukaza.

Kwenye modeli ya rimoti, yaani helikopta ndogo inayorushwa kwa rimoti, anayekaza ni kifaa kiitwacho jiroskopu: huhisi mzunguko, kisha huamuru mota ndogo, yaani sevo, ibadilishe mwinamo wa mapanga ya mkiani. Sasa pua ikijivuta kushoto, wanaoanza hukimbilia trimu ya rimoti, yaani kitufe cha marekebisho madogo. Jiroskopu ikiwa katika hali ya kushikilia uelekeo, huisoma trimu hiyo kama amri ya kugeuka, na modeli itageuka polepole bila kukoma, kwa utiifu wa kupigiwa mfano.

Dawa iko kwenye vyuma. Rudisha trimu katikati, weka jiroskopu katika hali ya kawaida, isiyoshikilia uelekeo, kisha uiache modeli ielee mahali pamoja. Nyingi huzungusha rafadha kubwa kwa mwendo wa saa ukitazama kutoka juu, sawa na Mi-8. Basi pua ikienda kushoto, mkia hausukumi vya kutosha. Tua, zima mota, na mapanga yakishasimama kabisa zungusha kiungo cha kijiti kinachounganisha sevo na mapanga ya mkiani mara moja au mbili, mapanga yaongeze mwinamo. Pua ikitulia, rudisha hali ya kushikilia uelekeo. Mkia ukitikisika harakaharaka, punguza unyeti wa jiroskopu. Jiroskopu za kisasa zina utaratibu wake wa kurekebishwa, na huo ufuatwe kwanza.

Goma ina la ziada. Mji uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 14. Rafadha kubwa hutumia nguvu zaidi kubeba uzito uleule, hivyo husokota mwili zaidi, huku ya mkiani ikiwa na hewa hafifu ya kusukuma. Modeli iliyorekebishwa Muanda, ufukweni, huenda ikahitaji kuguswa tena hapa.

Kisha kuna kioja: modeli yenye rafadha ya mwendo wa saa, iliyorekebishwa vizuri, huelea ikiwa imelala kidogo upande wa kulia. Mkia unaposukuma ubavuni, helikopta nzima husukumwa kushoto, na mlalo huo ndio unaoizuia. Wapo wanaohangaika kuinyoosha, na ikishasimama wima huuliza mbona inateleza kushoto.