Je, wajua kwa nini mtaro hujaa mchanga mahali palepale kila mwaka?

Dereva wa bajaji anayeteremka kwenda Mwanjelwa, hapa jijini Mbeya, mvua ikinyesha haulizi akate kona wapi. Anajua ni pale kwenye mzunguko ndipo maji yatakuwa yamepanda juu ya lami, na anajua kesho asubuhi mchanga utakuwa umelala barabarani kama mkeka ulioanikwa. Mtaro upo. Ulisafishwa Oktoba, tena watu wakapigwa picha na machepe mkononi. Januari umejaa. Lakini haujajaa wote: ukipanda mita hamsini juu, zege limesuguliwa hadi linang'aa, na ukishuka mita hamsini chini hali si mbaya. Ni pale pale tu, mwaka huu kama mwaka jana.

Kijiweni majibu hayakosekani. Mtaro ni mdogo, atasema mmoja. Taka, atasema mwingine. Wa tatu atakwambia mkandarasi kala hela. Kila moja linaweza kuwa na ukweli wake. Ila hata mtaro ungekuwa mpana, isipite chupa hata moja, na mkandarasi awe mcha Mungu wa kupigiwa mfano, mchanga ungelala pale pale. Tatizo la kwanza ni mteremko.

Jiji la Mbeya limekaa kwenye mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Loleza, kile unachokiona kaskazini ukifungua dirisha, kina mita 2,656. Hiyo ni tofauti ya zaidi ya mita 900 ndani ya kilomita chache. Maji yanayotoka huko hayaji kwa adabu. Yanapitia mitaa ya juu yakiwa mbio, yakifika upande wa chini kuelekea barabara kuu ya TANZAM (ile ya kwenda Zambia) ardhi inalala, nayo yanapunguza mwendo ghafla.

Na maji yakipunguza mwendo yanatua mzigo, kwa kiasi ambacho usipopiga hesabu huwezi kuamini. Mhandisi wa Ayalandi, Robert Manning, alitoa mwaka 1889 kanuni ambayo wahandisi wa mitaro wanaitumia hadi leo. Kwa mujibu wake, kina cha maji kikibaki kilekile, kasi hufuata kipeuo cha pili cha mteremko. Chukua mtaro unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100, kisha ukafika mahali unaposhuka nusu mita tu kwa kila mita 100. Mteremko umepungua mara 16, kasi inapungua mara 4. Hadi hapo bado unaona kawaida. Sasa mlete Mwingereza William Hopkins, mwanahisabati wa Cambridge wa karne ya 19, aliyeonesha kwamba uzito wa jiwe ambalo mkondo unaweza kulisukuma hufuata kasi ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe mara sita. Kasi ikiongezeka mara mbili, maji yanasukuma jiwe zito mara 64. Ikipungua mara nne, unagawanya kwa 4,096.

Yaani maji yaliyokuwa yakiviringisha jiwe la kilo moja pale juu, yakifika tambarare hayawezi kusukuma kitu kizito kuliko robo gramu. Hiyo ni punje ndogo ya hindi.

Mtaroni hali haiwi safi kama kwenye karatasi, kwa sababu maji yanapopunguza kasi yanapanda kina, na kina kinayarudishia mwendo kidogo. Lakini ukitaka kuhakikisha, shuka mtaroni Mei mvua zikishakata, uangalie lile fungu lenyewe. Mwanzoni, upande maji yanakotokea, kuna mawe ya ukubwa wa ngumi na vigae vya tofali. Hatua chache mbele ni changarawe, kisha mchanga mnene, halafu mchanga laini. Mwishoni kabisa ni tope ambalo limekauka na kupasukapasuka kama ukoko wa ugali. Limejipanga lenyewe. Maji yametua kila kitu kwa zamu, kizito kwanza.

Hilo tope la mwisho lina ukaidi wake. Mwaka 1935 Filip Hjulström, msomi wa Uppsala, Sweden, alichora mchoro maarufu unaoonesha kwamba udongo laini ukishatulia na kushikana, kasi inayohitajika kuunyanyua tena ni kubwa kuliko ile inayotosha kuunyanyua mchanga. Ndiyo maana ile hoja ya “mvua kubwa ikija itausafisha wenyewe” mara nyingi haitimii. Huku kwetu mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kiangazi kirefu. Tope linapata nusu mwaka nzima ya kukauka. Majani yanaota juu yake, mizizi inalifunga, na mvua ya kwanza ya Novemba inakuta ukuta badala ya takataka.

Kuna suluhisho ambalo kila mtu hulisema, nami nililisema miaka mingi: panueni mtaro. Kwa mvua ile kubwa inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa, ni kweli, upana unasaidia. Ila mvua nyingi za msimu ni za kawaida, na maji ya mvua ya kawaida yakiingia kwenye mtaro mpana wenye sakafu bapa yanatandazika, yanakuwa kina cha kidole, yanajikokota. Mtaro mpana unajaa mchanga haraka kuliko mwembamba. Joseph Bazalgette, aliyeanza kujenga mfumo wa majitaka wa London mwaka 1859, alilijua hili. Mifereji yake mingi ya chini ya ardhi ilikuwa na umbo la yai, ncha ikiwa chini, ili hata maji yakiwa kidogo yabanwe mahali pembamba yakimbie. Kwetu fundi anaweza kupata matokeo hayohayo kwa kuchonga kijifereji katikati ya sakafu ya mtaro, mtaro ndani ya mtaro. Haihitaji mashine, inahitaji tu mchoraji aliyefikiria siku za mvua ndogo.

Kuhusu makalavati ya mageti nitasema kidogo, ingawa yanastahili makala yake. Mtu akijenga nyumba anataka gari liingie, basi anatia bomba mtaroni na kumwaga zege juu. Mtaro ulitaka bomba la sentimita 60, yeye anaweka la 30, kwa kuwa ni rahisi na kwa kuwa nusu inaonekana inatosha. Si nusu. Bomba la nusu ya kipenyo, mteremko ukiwa uleule, linapitisha takriban sehemu moja ya sita ya maji. Juu ya geti hilo maji yanasimama, na maji yaliyosimama tumeshaona yanafanya nini na mchanga. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, na kweli mitaroni imepungua, lakini chupa na viroba vya saruji bado vinajua njia ya kwenda kwenye bomba la sentimita 30.

Sasa, mchanga wenyewe unatoka wapi? Hili ndilo swali ambalo wataalamu wa maji ya mvua walichelewa kulikazia macho, hata kwenye nchi tajiri. Nchini Marekani, sheria kubwa ya maji safi ya mwaka 1972 ililenga viwanda na majitaka. Maji yanayotiririka mitaani yaliingizwa rasmi kwenye mfumo wa vibali kwa marekebisho ya mwaka 1987. Hapo fani ikageuka. Zamani sifa ya mhandisi wa mitaro ilikuwa kuondoa maji mjini haraka iwezekanavyo. Leo, wanapokutana wenye fani hii, mazungumzo ni jinsi ya kuyachelewesha, na udongo uliomo ndani yake unahesabiwa kuwa uchafuzi kama uchafuzi mwingine. Kule anayefukua eneo la ekari moja au zaidi kwa ujenzi anatakiwa kuonesha kabla ya kuanza jinsi atakavyozuia udongo usitoke kwenye kiwanja chake.

Linganisha na mlima wetu. Udongo wa kanda hii kwa sehemu kubwa umetokana na majivu ya volkano. Yapo hata yale mawe mepesi yanayoelea ukiyatupa ndooni, yaliyorushwa na milipuko ya upande wa Mlima Rungwe maelfu ya miaka iliyopita. Ni udongo mzuri kwa viazi. Ukiuvua majani kwenye mteremko, hauna cha kuushikilia. Aprili 2024 mlima Kawetele uliporomosha tope lililofukia nyumba na majengo ya shule kata ya Itezi. Lile lilikuwa jambo kubwa la siku moja. Mtaroni ni jambo hilohilo kwa vijiko, kila jioni ya mvua.

Halafu kuna mapaa. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, hesabu ambayo ningependa ifundishwe darasa la nne. Nyumba yenye paa la mita za mraba 120 ikipata mvua ya milimita 30 inamwaga lita 3,600, yaani mapipa 18 ya lita 200. Kwenye majedwali ya wahandisi paa hupewa namba kati ya 0.75 na 0.95, maana yake karibu maji yote yanatiririka. Nyasi za mteremkoni kwenye udongo mzito hupewa 0.25 hadi 0.35. Kila shamba linalogeuka mtaa wa bati na pevingi linaongeza maji bila wingu kuongeza tone.

Nilipokuwa Iringa niliona sura ya pili ya jambo hili. Mji ule umekaa juu ya kilima, na Ruaha Mdogo unapita chini kule Ipogolo. Maji yakishaanza kuteremka kuelekea mtoni hayakuti tambarare ya kupumzikia, kwa hiyo badala ya kutua mchanga yanachimba. Shida ya pale ni korongo. Hivyo dawa ya Mwanjelwa siyo dawa ya Iringa, japo mvua ni moja.

Dawa ya huku ni ipi? Mchanga lazima ulale mahali. Uwezo wetu ni kuchagua mahali. Huko juu, mtaro ukijengwa kwa ngazi, maji yanajipiga kila kidato na kumaliza nguvu kabla hayajapata mbio za kubeba mawe. Chini, kabla tu ardhi haijalala, unachimbwa mtego: sehemu pana na yenye kina, ambako maji yanapunguzwa mwendo kwa makusudi na mchanga unashuka humo, pakiwa na njia ya toroli au gari kuingia kuuzoa. Ukisafisha shimo moja mara tatu kwa msimu umeokoa mtaro mzima. Lakini ukiutoa mchanga na kuuacha ukingoni, kama tunavyofanya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, umeuhamisha hatua moja tu, na mvua ya wiki ijayo itaurudisha.

Ugumu ni kwamba maji hayajui mipaka ya ofisi. Barabara za mitaa ni za TARURA, iliyoanzishwa 2017. Barabara kuu ni ya TANROADS. Taka ni za halmashauri. Yakishaingia mtoni yanakuwa ya bodi ya bonde, kwa sababu sehemu kubwa ya maji ya jiji huelekea Mto Mbalizi, kisha Songwe (siyo ile Songwe ya mpakani na Malawi), hadi Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka. Kilichofika huko kimefika.

Juzi nilimkuta kijana mtaroni, suruali imekunjwa hadi magotini, anachota mchanga na kuuchekecha kwa wavu wa dirisha. Nikamuuliza, “Dogo, huu unaupeleka wapi?”

“Unauzwa, braza. Mafundi wanaupenda kwa plasta, umeshaoshwa na maji.”

Toroli lilipojaa akaanza kulisukuma kupanda kuelekea Isanga, kwenye nyumba inayojengwa mlimani. Nilimfuata kwa kuwa njia yangu ilikuwa hiyohiyo. Akaumwaga kando ya barabara, juu kidogo ya mtaro, ukasimama fungu zuri lenye ncha. Ilikuwa mwishoni mwa Oktoba.