Bwana Afya wa Finsbury na chupa ya maziwa

Yule mtu tunayemwita Bwana Afya, anayebisha hodi kukagua choo na jiko la mgahawa, hakutokea hospitalini. Waingereza walikuja naye katika miji yetu kutoka kwao, na kwao alikuwa mtumishi wa halmashauri.

Sheria ya 1899 iliigawa London katika manispaa 28. Finsbury ilikuwa mojawapo ya zile ndogo: watu laki moja hivi katika eneo lisilofika kilomita tatu za mraba, familia nyingi zikibanana katika chumba kimoja. Mfereji mkuu wa majitaka ulikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya London, na hospitali za homa zilikuwa na bodi yake. Manispaa ilibaki na taka, vyakula, nyumba mbovu na ukaguzi. Daktari akigundua ndui, dondakoo au homa ya matumbo, alilazimika kisheria kutoa taarifa. Mkaguzi alifika nyumbani, akachunguza bomba na choo, na matandiko yakapelekwa kufukizwa dawa.

Mganga mkuu wa afya wa manispaa hiyo, Dkt. George Newman, alipopitia daftari la vifo aliona watoto wachanga wakifa kwa kuhara, hasa miezi ya joto. Walionyonya maziwa ya mama walinusurika zaidi kuliko waliolelewa kwa chupa. Akayafuatilia maziwa yenyewe. Yalisafiri kwa treni kutoka mashambani, yakakaa wazi dukani, na barabara nje ilijaa samadi ya farasi, makao ya nzi. Halafu yalitiwa katika chupa zenye mpira mrefu ambao hakuna brashi iliyoweza kuusafisha ndani. (Mtu angetaka kufuga vijidudu, asingebuni chombo bora.)

Mwaka 1904 kikafunguliwa Finsbury kituo cha maziwa. Mama alichukua maziwa ya kutwa nzima, yameshaandaliwa kwa umri wa mtoto na kugawanywa katika vichupa, kila kimoja mlo mmoja, ili asibaki na kiporo.

Lakini kituo kimoja kingelisha watoto wangapi? Newman mwenyewe aliuona udogo wake, na katika kitabu chake cha 1906 akaegemea zaidi kwenye malezi ya mama. Hapo simfuati. Takwimu zake mwenyewe zilionyesha wakazi wa chumba kimoja wakifa kwa kasi kubwa kuliko wenye vyumba vinne, na mama hakujipangia kodi.

Mwaka 1910, England na Wales zilipoteza watoto 105 wa chini ya mwaka mmoja kwa kila 1,000 waliozaliwa hai. Kiangazi cha 1911 kikawa kikali kupita kawaida, na idadi ikapanda hadi 130. Vyumba vilikuwa bado vimejaa watu, na farasi walikuwa bado barabarani.