Je, wajua kwa nini magogo ya mpingo yamo katika ngome ya Bodrum?

Bodrum ni mji wa pwani ulioko kusini-magharibi mwa Uturuki, kwenye Bahari ya Aegean, mkabala na kisiwa cha Kos cha Ugiriki. Mgeni anayewasili kwa kivuko kutoka Kos huiona kwanza ngome ya mawe iliyosimama juu ya mwamba kati ya ghuba mbili, kisha nyumba nyeupe zilizopanda vilima, na chini yake mashua za mbao ziitwazo gulet zikiwa zimefungwa kwa safu gatini. Ngome hiyo leo ni Makumbusho ya Akiolojia ya Chini ya Maji. Miongoni mwa hazina zake ni shehena ya merikebu iliyozama takriban miaka 3,300 iliyopita, na ndani ya shehena hiyo yalikuwamo magogo ya mti ambao msomaji wa Afrika Mashariki anaujua vizuri. Ni mpingo, ule ule ambao Wamakonde huchongea vinyago na ambao mafundi wa Ulaya hutengenezea zumari za klarineti. Wataalamu wa mimea huuita Dalbergia melanoxylon. Mti wa Afrika ulifikaje katika bahari ya Uturuki, na kwa nini ukahifadhiwa Bodrum?

Tuanze na ngome yenyewe, kwa kuwa wageni wengi huishia kwenye kuta zake. Ilianza kujengwa mwanzoni mwa karne ya 15 na wapiganaji wa Kikristo wa Shirika la Mtakatifu Yohane, waliokuwa na makao yao makuu katika kisiwa cha Rhodes, baada ya Timur, mtawala mshindi kutoka Asia ya Kati, kuwanyang'anya ngome yao ya Izmir mwaka 1402. Sehemu kubwa ya mawe waliyoyatumia waliichukua katika magofu ya kaburi la Mausolus, mtawala wa Karia, nchi ya kale ya eneo hili, aliyefariki mwaka 353 kabla ya Kristo, kaburi ambalo watu wa kale walilihesabu miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Sultani Suleiman alipoiteka Rhodes mwishoni mwa mwaka 1522, ngome ya Bodrum nayo ikaingia mikononi mwa Waosmani. Baadaye ikawa gereza, na katika Vita Kuu ya Kwanza ikapigwa mizinga na manowari ya Kifaransa. Kufikia katikati ya karne ya 20 lilikuwa jengo kubwa lisilo na kazi maalumu, pembeni mwa mji mdogo wa wavuvi na wapiga mbizi.

Wapiga mbizi hao ndio kiini cha habari yote. Kwa vizazi vingi watu wa Bodrum waliishi kwa kuvuna sifongo, yaani viumbe laini vya baharini vinavyokaushwa na kutumiwa kuogea na kusafishia, na kazi hiyo iliwafanya waijue sakafu ya bahari kuliko mtu mwingine yeyote. Waliijua mitungi ya kale iliyolala mchangani, na walijua ni rasi gani zilizovunja merikebu. Katika miaka ya 1950 Mmarekani Peter Throckmorton alikaa nao, akasikiliza simulizi zao na kuziandika. Kutokana na simulizi hizo ikapatikana merikebu iliyozama karibu na Rasi ya Gelidonya, na mwaka 1960 mwanaakiolojia George Bass akaifukua humo humo baharini, akipiga mbizi mwenyewe badala ya kungoja juu ya mashua wengine wamletee vitu. Vitu vilivyotolewa huko vilihitaji mahali pa kuhifadhiwa, na ngome ya Bodrum ilikuwa tupu. Hivyo ndivyo makumbusho yalivyozaliwa katika miaka ya 1960. Kwa maoni yangu hili linastahili kutajwa kwa herufi kubwa zaidi katika vibao vya ngome: elimu hii ilianzia katika masikio yaliyokuwa tayari kuwasikiliza wavuvi.

Mwaka 1982 mpiga mbizi mmoja wa sifongo alimweleza nahodha wake kwamba ameona chini ya bahari, kwenye Rasi ya Uluburun karibu na mji wa Kaş katika ufuko wa kusini wa Uturuki, vitu kama biskuti za chuma zenye masikio. Nahodha alielewa mara moja, kwa sababu wanaakiolojia walikuwa wakizunguka katika bandari wakiwaonyesha wavuvi picha za mikuo ya shaba ya kale. Kila mkuo wa namna hiyo ni bamba nene la shaba, uzito wake kwa wastani kilo 24 hivi, na kila pembe imevutwa nje mfano wa mkono mfupi, bila shaka ili iwe rahisi kuushika na kuufunga juu ya mnyama wa mizigo. Ufukuzi ulianza mwaka 1984 ukiongozwa na Bass, kisha na Cemal Pulak, nao ukaendelea hadi mwaka 1994. Mabaki yalikuwa kwenye mteremko mkali, kina cha zaidi ya mita 40, kwa hiyo kila mpiga mbizi aliweza kufanya kazi kwa dakika chache tu kabla ya kulazimika kupanda. Zilihitajika mbizi zaidi ya 22,000 kuimaliza kazi hiyo.

Walichokipata kinaeleza biashara ya dunia nzima ya wakati ule. Palikuwa na takriban tani 10 za shaba kutoka Kupro na tani moja hivi ya bati. Vikiyeyushwa pamoja kwa kiasi hicho cha kumi kwa moja, hupatikana metali ngumu iliyotumika kutengenezea silaha na zana za enzi hiyo. Palikuwa na mikuo ya kioo cha rangi ya buluu, mitungi ya utomvu wenye harufu nzuri, ushanga, maganda ya mayai ya mbuni, kipande cha pembe ya tembo, meno ya kiboko, hirizi ya dhahabu yenye umbo la mbawakawa na jina la Malkia Nefertiti wa Misri, na magogo ya mpingo.

Mpingo hustawi katika nyika za Afrika kuanzia Senegali hadi Ethiopia, na kushuka hadi Afrika Kusini. Hauoti kando ya Bahari ya Kati. Haituruhusu hilo kusema kwamba magogo ya Uluburun yalikatwa Lindi au Kilwa, kwa kuwa njia iliyo karibu zaidi na ushahidi ni ile ya kaskazini, kupitia Misri. Mafarao waliipenda sana mbao hii nyeusi. Michoro ya hekalu la Malkia Hatshepsut, iliyochongwa katika karne ya 15 kabla ya Kristo, inaonyesha magogo yake yakipakiwa merikebuni katika Punt, nchi ya kale ya Afrika iliyokuwa kusini mwa Misri, na michoro ya makaburini inaonyesha watu wa Nubia wakiyaleta Misri pamoja na pembe za ndovu. Kutoka huko mbao hiyo ilisafiri tena kama zawadi ya wafalme: katika barua za kidiplomasia zilizofukuliwa Amarna, mji wa kale wa Misri, Farao Amenhotep wa Tatu anamwandikia mfalme wa Babeli kuhusu fanicha za mbao hiyo zilizopambwa kwa pembe na dhahabu anazompelekea.

Merikebu ya Uluburun yenyewe, iliyokuwa na urefu wa mita 15 hivi na kuundwa kwa mierezi, yaelekea ilitweka tanga katika pwani ya Syria na Palestina, ikaelekea magharibi ikifuata ufuko wa kusini wa Uturuki. Njia hiyo haikuchaguliwa ovyo. Kiangazi pepo za bahari ile huvuma zaidi kutoka kaskazini-magharibi, lakini mkondo wa maji kando ya ufuko huo huenda magharibi, kwa hiyo mabaharia waliutegemea mkondo na upepo wa nchi kavu wa usiku kama manahodha wa majahazi yetu walivyoitegemea kaskazi na kusi. Hatari yake ni kwamba njia hiyo huibana merikebu karibu na rasi zenye miamba, na Uluburun ni mojawapo.

Swali linalobaki ni kwa nini magogo hayakuelea na kupotea, wala kuoza. Kiini cheusi cha mpingo ni kizito kuliko maji, hivyo yalizama pamoja na shaba na kulala nayo. Mbao iliyobaki wazi baharini huliwa na viumbe watobao mbao, ndiyo maana sehemu kubwa ya merikebu yenyewe imetoweka. Iliyosalia ni ile iliyofunikwa na mikuo na mchanga. Mbao iliyolowa kwa maelfu ya miaka ikianikwa tu hunywea na kupasuka, kwa hiyo katika maabara ya Bodrum mbao za merikebu za kale huloweshwa kwa muda mrefu katika kemikali yenye nta iitwayo polietilini glikoli, ambayo huingia polepole katika vinyweleo vya mbao na kuchukua nafasi ya maji.

Mgeni anayefika ngomeni asikose kuona kwamba magogo hayo hayakuchongwa. Yalipakiwa yakiwa ghafi, kama ilivyokuwa kwa meno ya kiboko na mikuo ya shaba, jambo linaloonyesha kwamba yalikuwa yakipelekwa kwa mafundi waliokuwa wakiyasubiri. Pulak anaamini kwamba merikebu ilikuwa ikielekea katika majumba ya kifalme ya Ugiriki ya wakati wa Mycenae, mji wa kale uliokuwa na nguvu huko, na katika magofu ya majumba hayo vimepatikana kweli vipande vya mapambo vilivyochongwa kwa pembe ya tembo na meno ya kiboko.