Babu yako alizikwa wapi?

Wiki iliyopita msichana wa miaka 18 aliketi mbele yangu, bahasha ya kaki mapajani. Ndani mlikuwa na cheti chake cha kuzaliwa, nakala za vitambulisho vya wazazi wote wawili, cheti cha kidato cha nne na barua ya chifu. Rafiki yake waliyekaa naye dawati moja shuleni alipeleka karatasi kama hizo kuomba kitambulisho cha taifa, akapigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole siku hiyo hiyo. Yeye aliambiwa arudi na hati za babu mzaa baba. Jina lake ni la Kiislamu, na penye kabila alikuwa ameandika: Mnubi.

Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Kibra, Nairobi, na ni Mnubi vilevile. Nimejifunza kuogopa fomu kuliko matusi. Anayekutukana njiani unamwona. Ila dhana kuhusu kabila au dini yako ikishaingia ofisini, inageuka utaratibu: karatasi ya ziada, foleni ya pembeni, "njoo siku ya kamati". Karani anaweza kuwa mpole kabisa, akakuita dada, na bado akakupanga upande wa wageni.

Uchunguzi huu wa ziada huku tunauita kupigwa msasa. Nami nilipigwa nikiwa na umri wa huyo binti. Nilikaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi saa nane, nikaitwa mbele ya meza ya wazee na maafisa. Waliniuliza nyumbani tunasema lugha gani, nani alinifundisha Korani, mbona jina la babu halimo popote. Mwisho mmoja akauliza, "Babu yako alizikwa wapi?" Nikamwambia: makaburi ya Wanubi, papa hapa Kibra, ukitembea unafika. Kalamu yake ilikuwa mezani. Hakuiinua.

Swali hilo limetoka mbali. Wazee wetu walikuwa askari kutoka Sudan walioletwa na Waingereza, wakatumikia King's African Rifles, jeshi la kikoloni, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakakaa Kibra, jina la Kinubi lenye maana ya msitu. Walipewa vibali vya shamba, hati ya kumiliki hawakupewa, na kibali humfanya mtu aonekane mpitaji hata akizaa wajukuu pale pale. Hati ya jamii, ya ekari 288, tuliipata mwaka 2017. Kabla ya hapo, mwaka 2011, kamati ya Umoja wa Afrika inayosimamia haki za mtoto ilikuwa imeamua kwamba Kenya ilivunja haki za watoto wa Kinubi katika suala hili la uraia. Wakenya Wasomali nao wanaukumbuka msako wa 1989, walipochujwa na kupewa kadi za rangi ya waridi za kuthibitisha kwamba ni Wakenya.

Sasa sheria, kwa maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa mapema. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Usajili wa Watu kinamruhusu afisa kudai ushahidi wa ulichosema. Lakini kinataja ushahidi ulio ndani ya uwezo wako kuutoa. Hati ya babu aliyefariki kabla hujazaliwa, iliyoliwa na mchwa sandukuni, haimo katika uwezo wako. Ibara ya 27 ya Katiba inakataza ubaguzi wa kabila, dini, hata mavazi. Na ya 47 inakupa haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi uamuzi unapokuumiza. Kwa hiyo ukikataliwa, omba sababu iandikwe. Omba kwa adabu, na usiondoke bila kunakili tarehe na dirisha ulilohudumiwa.

Dhana hizi haziwakai makarani peke yao. Mwaka juzi aliingia kwangu Mborana wa Marsabit, mrefu, kichwa amekifunga mtandio. Nikamsalimu "Asalaam aleikum", nikaanza kumweleza mambo ya msikitini. Akanisubiri nimalize, ndipo akasema baba yake ni mzee wa kanisa. Niliona haya, nikamwomba radhi. Nilikuwa nimemsoma uso kama nilivyosomwa mimi kwenye ile benchi, na tangu siku hiyo ninauliza kwanza.

Februari 2025 Rais William Ruto, akiwa Wajir, alitangaza kuondolewa kwa msasa huu wa ziada kwa watu wa maeneo ya mpakani. Nilifurahi kwa moyo wote. Kuna mama niliyemwona akilia redio ikiwa imewashwa. Lakini tangazo la Wajir halijamfikia kila karani, na bahasha ile ya kaki ni ya wiki iliyopita.

Tuliandika barua ya ukurasa mmoja, tukataja kifungu cha 8, tukaambatisha kiapo cha shangazi yake. Akiwa mlangoni akageuka: "Na wakiniuliza babu alizikwa wapi?"

Nikamwambia awajibu, kisha awaombe waandike.