Kwa nini oili haivuji kwenye shafti ya injini ya ndege?

Kwa muda mrefu niliamini kuna pete ya mpira inayokumbatia shafti, kama oili sili ya gari. Sivyo. Katika injini ya CFM56, inayorusha Boeing 737 nyingi, shafti ya kasi kubwa huzunguka zaidi ya mara 14,000 kwa dakika. Kwa mwendo huo, sehemu yenye kipenyo cha sentimita 20 tu, uso wake hukimbia karibu mita 147 kila sekunde. Mpira unaobana hapo ungeungua. Zipo pete za kaboni zinazogusa, lakini sehemu nyingi hulindwa na sili isiyogusa kitu. Nayo huvuja muda wote, kwa makusudi.

Huitwa sili ya labirinthi: meno membamba yanayofuatana kuizunguka shafti, huku kati ya ncha zao na ukuta pakibaki upenyo wa sehemu ndogo ya milimita.

Fikiria mtaro kwenye mteremko mkali. Ukiwa laini, maji hushuka yakibomoa. Ukijengwa ngazi, maji huanguka kwenye kidimbwi, hujizungusha, huishiwa nguvu, kisha huanza safari upya. Hewa nayo huchomoka chini ya jino kwa kasi, huingia kwenye nafasi pana, huzunguka humo, na kasi yake hugeuka joto. Ili ipite jino linalofuata lazima isukumwe tena, sasa na presha iliyopungua. Ngazi kwa ngazi, inayofika mwisho ni kidogo. Meno zaidi husaidia, ila si kwa uwiano. Upenyo ndio wenye uzito zaidi. Shafti hutanuka kwa joto, hivyo ukuta hutengenezwa kwa kitu kinachokubali kukwanguliwa, mara nyingi chuma chembamba chenye umbo la sega la nyuki.

Na oili? Hewa ya kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, huzungushiwa chumba chenye oili na beringi zinazobeba shafti, kwa presha iliyozidi ya ndani. Uvujaji unaelekea ndani, na oili hairuhusiwi kutoka. Hewa hiyo baadaye hupitia chombo kinachozunguka, matone ya oili hutupwa pembeni na kurudi tangini.

Udhaifu huonekana injini inapowashwa: kompresa haijashika kasi, presha ni ndogo, oili kidogo yaweza kupenya. Kwa kuwa ndege nyingi huchota hewa ya abiria kwenye kompresa hiyohiyo, harufu ya oili huweza kufika kwenye viti. Boeing 787 huivuta hewa ya abiria moja kwa moja kutoka nje, kwa kompresa za umeme.