Jicho kwa jicho: tunavyoisoma Torati nusunusu

Wakristo wengi tunaifungua Torati tukiwa tumeshaihukumu. Tumezoea kusikia kwamba ni kitabu cha mawe na visasi, na kwamba Yesu alikuja kukifunga. Tukisoma aya zenyewe bila kuruka, picha ni nyingine kabisa.

Dhana: "Jicho kwa jicho" ni ruhusa ya kulipiza kisasi.

Anayesema hivi ameishia Kutoka 21:25. Asogee aya moja tu. Hapo bwana aliyempiga mtumwa wake jicho likaharibika hang'olewi jicho. Anaamriwa amwache huru. Akimng'oa jino, vilevile. Juu kidogo, aya ya 18 na 19, watu wamegombana na mmoja amepigwa jiwe au ngumi hadi akalala kitandani: aliyempiga atamlipa siku alizopoteza na kumuuguza mpaka apone. Haya ni mambo ya baraza la waamuzi kupima fidia. Katika Mwanzo 4, Lameki alijigamba kulipiziwa kisasi mara sabini na saba. Sheria hii inamwekea mpaka mtu wa namna hiyo.

Tuitazame pia ikiwa kando ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, ambazo nguzo yake ya mawe iko Louvre, Paris. Kule jicho la mwungwana lililipwa kwa jicho, la mtu wa tabaka la chini kwa mina 1 (kipimo cha kale cha uzito) ya fedha, la mtumwa kwa nusu ya bei yake. Katika Torati mtumwa mwenyewe ndiye anayefidiwa, tena kwa uhuru wake. Nayo Walawi 24:22 inataka sheria moja kwa mgeni na mzalia.

Sisemi kila aya ni nyepesi. Kutoka 21:21, inayomwita mtumwa fedha ya bwana wake, inaniumiza kila niisomapo, na sioni sababu ya kuificha.

Basi Yesu katika Mathayo 5:38, anapotaja "jicho kwa jicho" kisha kuagiza aliyepigwa shavu moja ageuze la pili, alikuwa akipinga nini? Ninavyoelewa, anasema na aliyepigwa kofi, si na mwamuzi barazani. Kipimo cha fidia kisigeuzwe kuwa haki ya kila mtu kurudisha pigo. Aya chache kabla ameshasema hakuja kuitangua Torati.

Dhana: Kumpenda jirani kulianza na Injili.

Yesu aliposema umpende jirani yako kama nafsi yako, alikuwa akinukuu Walawi 19:18. Sura hiyohiyo, aya ya 34, inaagiza mgeni naye apendwe hivyo. Na ukikuta ng'ombe wa adui yako amepotea, Kutoka 23:4 inakutaka umrudishe kwa mwenyewe.

Dhana: Mungu wa Agano la Kale ni wa hasira, wa Agano Jipya ni wa upendo.

Hoja hii ni kongwe, na kanisa lilishaijibu. Marcion, mwalimu wa karne ya pili kutoka Sinope, mji wa pwani ya Bahari Nyeusi, aliifundisha Roma, na mnamo mwaka 144 kanisa la huko likamtenga. Tertullian, mwandishi wa Kikristo wa zama hizo za kale, anaeleza kuwa alirudishiwa hata fedha nyingi alizokuwa ametoa sadaka. Kwa kulikataa Agano la Kale, Marcion alibaki na Injili moja, ya Luka, pamoja na nyaraka 10 za Paulo. Na hata hiyo Luka ilimlazimu aikatekate, akianzia na habari za kuzaliwa kwa Yesu, ambako Mariamu na Zakaria wanamshukuru Mungu kwa kukumbuka ahadi yake kwa Ibrahimu.